Seva Ndogo Ndiyo ya Kutazamwa Kwanza

Katika idara zetu za TEHAMA kuna imani iliyokomaa kiasi kwamba haijadiliwi tena: programu za kufuatilia rasilimali za seva ni mambo ya mabenki, makampuni ya simu na wenye vituo vikubwa vya data. Mwenye seva moja, iwe ya shule, ya zahanati, ya halmashauri au ya SACCOS, anaambiwa asijisumbue. Seva ikilalamikiwa, fundi ataingia, atatazama, ataizima na kuiwasha, na watu watarudi kazini. Imani hii nimeikuta kwa wakuu wa idara waliozeekea kazini, kwa wauzaji wa mifumo, na kwa vijana waliotoka chuoni juzi. Naipinga, na siipingi nusu nusu.

Niwatendee haki kwanza wanaoishikilia. Fundi wa TEHAMA katika ofisi ndogo ni mtu mmoja. Asubuhi anatoa karatasi iliyonasa kwenye printa, saa nne anamrudishia mhasibu nywila aliyoisahau, mchana anapanda ngazi kurekebisha kamera ya getini, jioni mkubwa anamletea kompyuta ya mtoto wake. Mtu huyu ukimwambia asimike programu ya ufuatiliaji kama Zabbix, yenye kanzidata yake, tovuti yake na masasisho yake, anachosikia ni kwamba umemwongezea mfumo mwingine wa kuhangaika nao. Uchovu wake ni wa kweli. Ila hitimisho analolitoa limekaa kinyume. Benki ina seva mbili au tatu zinazosaidiana. Moja ikianguka nyingine inapokea, na kuna watu wa zamu wanaolipwa kukesha. Zahanati ina kasha moja chini ya meza, diski moja ndani yake, na fundi mmoja ambaye leo yuko msibani Singida. Kati ya hao wawili, ni nani asiyemudu kushtukizwa?

Wanaosema zana hizi zilizaliwa kwa matajiri hawajui zilikotoka. Mwaka 1994 Tobias Oetiker alikuwa akifanya kazi mahali palipokuwa na laini moja tu ya kutokea nje, ya kilobiti 64, na kila mtu pale alitaka kujua laini ile inaendaje. Akaandika programu ndogo ya kuchora grafu ya matumizi yake. Mwaka uliofuata aliitoa kwa umma kwa jina la MRTG, na grafu za namna ile zikaenea dunia nzima. Ni kweli kwamba Zabbix ilianza mwaka 1998 kama mradi wa ndani wa benki moja huko Latvia, na Prometheus ilianza mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud, Berlin. Lakini MRTG ilitokana na uhaba: watu wengi, njia nyembamba, na haja ya kujua inajaa saa ngapi. Hali hiyo sisi tunaijua kuliko Berlin.

Nikiwaeleza hivyo, wengi hunijibu kwamba wanatazama tayari. Wana top, wana htop. Ni zana nzuri. Top ya kwanza iliandikwa na William LeFebvre mwaka 1984, na mpaka leo ndiyo amri ninayoipiga kwanza nikiingia kwenye seva ya mtu. Lakini top inaonyesha sasa hivi, na tatizo huwa limetokea tayari. Lalamiko linaanza dirishani saa nne, linapitia kwa msimamizi, linamfikia fundi saa tano kasorobo. Anapofungua skrini foleni imeshapungua, prosesa iko asilimia tatu, kila kitu kimetulia. Basi anatoa jibu ambalo kila Mtanzania amewahi kupewa dirishani, kwamba mtandao ulikuwa unasumbua. Mara nyingi mtandao haukuwa na kosa lolote.

Na akiikuta seva bado imeganda anafanya jambo baya zaidi: anaizima. Kuizima kunaleta nafuu, sikatai, na nafuu hiyo ndiyo inayodanganya. Michakato yote imekufa, RAM imefutika, mafaili yaliyokuwa yameshikiliwa yameachiwa, na pamoja navyo umeondoka ushahidi wa kilichotokea. Wiki ijayo tatizo linarudi na fundi anaanzia pale pale. Zipo seva zinazowashwa upya kila Jumatatu kwa ratiba, miaka nenda rudi, na hakuna mtu katika jengo zima anayejua kwa nini.

Nitoe mfano mmoja kwa undani, maana jambo hili halithibitiki kwa maneno ya jumla. SACCOS moja ilikuwa na mfumo wa mikopo uliotumia MySQL kwenye seva ya Ubuntu. Kila mwisho wa mwezi, mishahara ikiingia na wanachama wakijaa, mfumo uliganda asubuhi kwa zaidi ya nusu saa. Muuzaji alisema RAM ni ndogo. Wakanunua RAM, ikaongezwa, na mwisho wa mwezi uliofuata mfumo ukaganda vile vile. Muuzaji akasema basi ni prosesa, ibadilishwe seva nzima, na profoma ikaletwa mezani.

Kabla profoma haijapitishwa zilisimikwa programu mbili tu, sysstat na atop, tukasubiri mwisho wa mwezi. Sysstat huamka kila baada ya dakika 10, husoma hesabu ambazo kerneli inazitunza yenyewe, huziandika kwenye faili la siku hiyo na kulala tena. Tulipofungua faili la siku ya tukio kwa sar -u, safu ya iowait, yaani muda ambao prosesa imekaa bure kwa kuwa kazi zinasubiri diski, ilikuwa karibu na sifuri usiku kucha na asubuhi yote. Kuanzia mstari wa 07:10 ikapanda ghafla, ikabaki juu mpaka mstari wa 07:40. RAM ilikuwa ya kutosha. Prosesa haikuwa imechoka hata kidogo. Sar -d ikaonyesha kwamba diski haikupata nafasi ya kupumua kwa muda wote huo. Kilichobaki kilikuwa kujua nani anaitumikisha, na hapo ndipo atop ilipofaa, kwa kuwa yenyewe inaandika pia kila mchakato ulikuwa ukifanya nini. Ukiifungua kwa -r unarudi nyuma mpaka wakati unaoutaka, halafu unabonyeza d na kutazama juu ya orodha. Juu kabisa ilikaa mysqldump.

Bakapu, saa nne asubuhi, wanachama wakiwa dirishani. Hati ya makabidhiano ilisema bakapu ifanyike saa 7 usiku. Aliyepanga ratiba kwenye cron aliandika 7 kama alivyoisoma, na kwa cron 7 ni saa moja asubuhi. Juu ya hapo saa ya seva ilikuwa ya UTC, nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa 07:00 ya seva ile ilikuwa saa nne kamili asubuhi ya Dar es Salaam. Siku za kawaida bakapu ilipita bila mtu kuihisi kwa sababu wateja ni wachache. Mwisho wa mwezi ilikutana na foleni. Tiba ilikuwa kufuta 7 na kuandika 22. Seva ni ile ile mpaka leo, na profoma ilirudi kwenye faili bila saini.

Mtu atasema kwamba fundi angekuwepo saa nne na dakika tano ya siku ile akapiga top, angemwona mysqldump kwa macho yake. Sawa. Ila fundi hakuwepo, na hatakuwepo, kwa sababu saa nne ya mwisho wa mwezi ndiyo saa ambayo kila idara inamwita. Mpango wa kazi unaotegemea mtu mmoja awe mahali pamoja kwa dakika inayotakiwa si mpango.

Hoja nyingine ninayopewa ni kwamba programu hizi zinakula rasilimali zile zile zinazotakiwa kuchungwa. Kwa baadhi yake ni kweli. Kwenye seva ya GB 2 za RAM siwezi kumshauri mtu aweke Prometheus, na Grafana ya kuchora grafu zake, pamoja na mfumo wa wateja. Hapo wapinzani wangu wako sahihi nami nasimama upande wao. Zabbix nzima na kanzidata yake nayo ikae kwenye mashine nyingine. Lakini kuvichukua vizito hivyo na kuvifanya sababu ya kukosa hata chepesi si haki. Sysstat inafanya kazi kwa kitambo kifupi kila dakika 10, na faili lake la siku nzima kwenye seva ndogo ni megabaiti chache. Node_exporter, wakala anayesomwa na Prometheus iliyoko kwingine, anatosheka na makumi machache ya megabaiti za RAM. Kurasa mbili tatu za intaneti alizozifungua mhasibu kwenye kompyuta yake zinakula zaidi ya hapo.

Ugumu wa kusimika nao umekuzwa. Kwenye Ubuntu ni sudo apt install sysstat, basi. Wengi huishia hapo, na kazi yao hufia hapo: katika matoleo mengi ya Debian na Ubuntu faili la /etc/default/sysstat huja na mstari ENABLED="false", maana yake programu imo lakini haikusanyi chochote. Andika "true", kisha sudo systemctl enable --now sysstat, subiri robo saa au zaidi kidogo, piga sar. Ukiona mistari yenye saa, umeanza kuwa na historia. Halafu fungua /etc/sysstat/sysstat utazame HISTORY. Ikiwa ni 7 unatunza wiki moja tu, na kwa ofisi inayozidiwa mwisho wa mwezi wiki moja haisaidii kitu, kwa kuwa huwezi kulinganisha tarehe 28 ya mwezi huu na tarehe 28 ya mwezi uliopita. Mimi huweka 62. Kuna pia faida usiyoilipia: umeme ukikatika na UPS ikashindwa, sar huweka LINUX RESTART pale seva ilipoamka, na pengo lililo juu ya mstari huo linakuonyesha ilikuwa imezimika tangu saa ngapi. Ukibishana na mtu wa jenereta una ushahidi mkononi.

Wanaoniumiza zaidi ni wale waliojaribu. Walisimika, wakaweka dashibodi ya rangi kwenye runinga ya ofisini, na baada ya mwaka wanasema haikuwasaidia. Nikiuliza walikuwa wanatazama nini, jibu ni RAM na CPU. RAM ilikuwa asilimia 95, nyekundu, tangu siku ya kwanza, mpaka macho yakaizoea.

Linux haiachi RAM ikae bure. Inayobaki huitumia kutunza vipande vya mafaili yaliyosomwa karibuni, ili yakihitajika tena yasifuatwe kwenye diski, na programu ikitaka nafasi inapewa papo hapo. Ndiyo maana safu ya free huonyesha kidogo sana hata kwenye seva yenye afya kamili. Namba ya kutazama ni available, ambayo kerneli imekuwa ikiitoa yenyewe tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Seva yenye free ya MB 150 na available ya GB 5 haina shida ya RAM. Kila anayeuziwa RAM kwa sababu ya ile 150 anatoa fedha bure, na katika taasisi za umma fedha hizo ni zetu sote.

Load average nayo imepotosha wengi. Kwenye Linux haihesabu tu michakato inayosubiri prosesa. Tangu mwaka 1993 inajumuisha pia iliyokwama ikisubiri diski au hifadhi ya mtandaoni. Ukiona load ya 20 huku prosesa imetulia, katazame diski. Mwaka 2018 kerneli 4.20 ilileta kipimo kilicho wazi zaidi, PSI: mafaili matatu ndani ya /proc/pressure yanayokuambia kwa asilimia ni muda kiasi gani kazi imekwama kwa kukosa prosesa, kumbukumbu au diski. Ni vipimo vya bure, vimo ndani ya seva nyingi tunazozitumia, na bado sijakutana na dashibodi ya ofisi hata moja iliyoviweka mbele.

Na diski, ambayo huziangusha seva ndogo kuliko kitu kingine, mara nyingi haimo kabisa. Diski ikijaa MySQL haiandiki, barua pepe hazipokelewi, hata logi ya kueleza kilichotokea haina pa kuandikwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba haijai ghafla. Inajaa kwa mwendo unaopimika: ikiwa /var inakua kwa MB 600 kwa siku na zimebaki GB 18, una mwezi mmoja, na tarehe ya msiba unaweza kuizungushia duara kwenye kalenda ya ukutani. Kuna pia kujaa kusikoonekana: df -h inasema nafasi ipo tele, mfumo unakataa kuunda faili jipya, kumbe inodi zimekwisha, zimemalizwa na mamilioni ya mafaili madogo madogo ya sesheni za PHP ambayo hakuna aliyepanga yafutwe. Amri ya kuliona hilo ni df -i. Kipimo hicho kiwe pembeni ya df -h siku zote.

Siku hizi kuna jibu jipya: sisi tumehamia kwenye wingu, mwenye wingu anatutazamia. Anatazama mashine zake. Ukikodi seva ya EC2 kwa Amazon, CloudWatch inakupa matumizi ya CPU na ya mtandao bila kuomba, lakini RAM inayotumika na diski ilivyojaa havimo mpaka usimike wakala ndani ya seva yako, kwa sababu kutoka nje havionekani. Ndivyo hivyo viwili vinavyowaangusha wenye seva ndogo. Na wingu limeongeza cha kutazama: safu ya st katika top, yaani muda ambao seva yako ilitaka prosesa na prosesa ikawa inamhudumia mteja mwingine wa mashine hiyo hiyo. Aliyenunua kifurushi cha bei nafuu asipoiweka safu hiyo kwenye historia yake, ataendelea kuwalaumu waandishi wa programu kwa ucheleweshaji usio wao.

Hoja moja ya wapinzani naipokea kwa uzito wake wote, nayo ni ya usalama. Desemba 2020 ilibainika kwamba masasisho ya Orion, programu ya SolarWinds ya kufuatilia mitandao na seva, yalikuwa yamepandikizwa mlango wa siri. Wateja wapatao 18,000 waliyapokea, zikiwemo idara za serikali ya Marekani. Anayesema kwamba kila programu unayoongeza ni njia nyingine ya kuingilia hasemi uongo. Lakini kinachofundishwa na tukio lile ni namna ya kusimika. Programu kama Orion hupewa nywila na ruhusa kubwa karibu kila mahali. Msomaji wa namba hazihitaji. Node_exporter iendeshwe na mtumiaji wa kawaida asiye na haki ya kuingia kwenye seva. Na ujue kwamba isipoelekezwa vinginevyo inasikiliza poti 9100 kwenye kila anwani ya mashine bila kuuliza nywila: ukiiacha hivyo kwenye seva yenye anwani ya umma, mtu yeyote duniani anasoma toleo la kerneli yako, majina ya diski zako na saa uliyoiwasha. Ifungie kwenye anwani ya ndani, faiwoli iruhusu mashine moja tu iisome, na Grafana ifikiwe kwa VPN au kwa njia ya SSH. Sysstat, ambayo ndiyo ninayoitetea kwanza, haifungui poti yoyote. Hoja ya usalama haiigusi.

Nije kwenye arifa, ambako hata wenzangu wa upande huu hukosea. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, akihangaika usiku na kanzidata iliyozidiwa, alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Walipokwenda kuchukua bakapu wakakuta hakuna: pg_dump, zana ya bakapu ya PostgreSQL, ya toleo la 9.2 ilikuwa ikishindwa kila mara mbele ya kanzidata ya toleo la 9.6. Taarifa za kushindwa zilikuwa zikitumwa kwa barua pepe, na barua zile zilikuwa zikikataliwa na mfumo wa kupokea kwa sababu ya masharti ya DMARC ya kuthibitisha mtumaji. Mfumo ulikuwa unapiga kelele na sauti haitoki. Waliokolewa na nakala ya saa sita nyuma iliyopatikana kwa bahati, na data ya saa hizo sita ilipotea. GitLab walieleza yote hadharani, na nawaheshimu kwa hilo. Arifa ambayo haijawahi kujaribiwa haipo.

Upande wa pili wa kosa ni wingi. Tarehe 1 Agosti 2012, kabla soko la hisa la New York halijafunguliwa, mifumo ya kampuni ya Knight Capital iliwatumia wafanyakazi barua pepe 97 zilizotaja hitilafu iliyokuwepo. Hazikuwa zimepangwa kama arifa za dharura, na hakuna aliyezifanyia kazi. Soko likafunguliwa, na kwa muda wa kama dakika 45 kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 460. Ofisi ndogo inayopokea barua kila prosesa inapogusa asilimia 80 inaelekea huko huko. Kwa seva moja arifa nne zinatosha: diski itajaa ndani ya wiki moja, available imeshuka chini ya sehemu ya kumi ya RAM yote, bakapu ya jana haipo au ni ndogo kuliko kawaida, seva haijibu. Kila moja iwe na jambo la kufanya pale pale, vinginevyo ifutwe. Na zije kwa SMS au Telegram, maana barua pepe za mifumo kwetu huishia kwenye folda ambayo haifunguliwi.

Arifa ya nne inadai jambo moja ambalo watu hulipuuza: anayetazama asikae ndani ya anayetazamwa. Oktoba 2021 huduma ya michezo ya Roblox ilizimika kwa saa 73, na sababu mojawapo ya kuchelewa kulitambua tatizo ni kwamba mifumo yao ya ufuatiliaji ilikuwa ikitegemea Consul, programu ya kuratibu huduma zao, ile ile iliyokuwa imeanguka. Kwetu kosa hilo lina sura mbili. Wapo wanaosimika kila kitu kwenye seva hiyo moja, ikizimika na mtoa habari amezimika. Wapo wanaolipia huduma iliyoko Ulaya kwa kadi na kwa dola, wakidhani wamemaliza. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilidorora kwa siku kadhaa. Mwenye seva Dar es Salaam na mtazamaji wake Frankfurt, siku kama hiyo hana macho, wakati wanachama wake wako dirishani na mtandao wa ndani wa ofisi unafanya kazi vizuri. Kompyuta ya zamani iliyotupwa stoo, yenye Linux na modemu ya laini ya simu, ikiwekwa chumba kingine inatosha kuuliza seva kila dakika kama ipo, na kutuma SMS isipojibiwa.

Lawama kubwa siiweki kwa fundi. Mikataba ya mifumo inasainiwa na wakuu, na humo utakuta leseni, mafunzo, samani, hata kiyoyozi cha chumba cha seva. Ufuatiliaji haumo. Muuzaji hana sababu ya kuukumbusha, kwa kuwa historia ya seva ndiyo shahidi pekee ambaye hajalipwa na upande wowote: inaweza kusema kwamba mfumo alioleta unavuja kumbukumbu, na inaweza kusema kwamba mfumo hauna kosa na ofisi ndiyo iliyopanga bakapu saa nne asubuhi. Bila shahidi huyo mabishano huamuliwa kwa cheo, na anayelipia ni mwanachama aliyepanda daladala mbili kuja kuchukua mkopo wake akarudishwa.

Wewe unayesaini makabidhiano, basi, weka masharti mawili. Sysstat iwe inakusanya tangu kabla mfumo haujawekwa, ili ijulikane seva ilikuwaje bila mzigo. Na siku ya makabidhiano fundi ajaze diski ya seva makusudi mbele yako kwa amri ya fallocate, simu yako ikiwa mezani. SMS isipoingia, usisaini.